Safu Tatu Zilizonyooka

Jumatatu, 3 Novemba 1975

Matokeo ya mtihani wa kisomo cha watu wazima yamefika! Karatasi tisa, mwandiko kama wa kuku aliyekanyaga wino. Watu sitini na wanne wa kituo chetu cha Baraza Refu, hapa Temeke, na kila mmoja kaandikwa kwa mistari mitatu: jina, chini yake namba ya nyumba, chini yake daraja. Halafu mwingine, chini. Na mwingine, chini. Ukifika wa mwisho umeshamsahau wa kwanza.

Mratibu wetu, Ndugu Fakihi, kasema vitu hivyo havibandikiki ukutani. Anataka ukurasa mmoja. Safu tatu: majina, nyumba, madaraja. Mtu mmoja, mstari mmoja. Nakala arobaini, na tarehe kumi ziwe zimebandikwa, maana Jumamosi ya tarehe kumi na tano ni sherehe ya vyeti. Kabatini imebaki stensili moja tu ya kurudufia. Ukiiharibu, basi.

Akauliza nani anaiweza kazi hiyo. Mwalimu Audax alikuwa ameshafungua mdomo. Nikawahi! Nikasema kazi za namna hiyo nimezifanya sana Masasi. (Masasi nilikuwa nafunga lebo kwenye magunia ya korosho. Lakini lebo nazo zina maandishi.)

Sikuwahi bure. Nafasi ya Msaidizi wa Mratibu iko wazi tangu Septemba, na cheo hicho kina baiskeli. Mpya, ya Kichina, ina kengele na taa. Imefunikwa gunia pale ofisini. Audax anaitazama. Mie naitazama zaidi.

Jumanne, 4 Novemba

Nimejaribu kwanza kwa mashine ya chapa, kwenye karatasi ya kawaida. Mbinu yangu: piga jina, achia nafasi kumi, piga nyumba, achia nafasi kumi, piga daraja. Akili ya kawaida tu. Nilikwenda watu ishirini bila kuinua kichwa.

Nikainua. Msiba!

Mwenye jina fupi, nyumba yake iko karibu. Mwenye jina refu, nyumba yake imehamia Mbagala. Namba zimetawanyika kama mbuzi waliofukuzwa sokoni. Audax kapita nyuma yangu na soksi zake ndefu, kauliza kwa upole kama hiyo ni ramani ya mto Rufiji. Nikamjibu ni rasimu. Akasema hata Rufiji una kingo.

Mtu huyu kazaliwa kunikera. Anafundisha darasa la alasiri na hajawahi kukosea herufi.

Mchana nikala kwa Bi Wahiba, mama mwenye nyumba wangu. Mumewe, Mzee Zahor, ana duka la viungo hapo mbele. Wote wawili walisoma kisomo kwetu, benchi moja, kila mtu kaziba daftari lake kwa mkono mwenzie asichungulie. Leo imekuja barua ya binti yao, Samiha, aliyeolewa Tanga. Mwaka wa pili sasa hii ndiyo kazi yangu katika nyumba ile: nasoma barua, nakula. Samiha kaandika watoto wazima, mvua zimeanza vizuri, mume kapata kazi bandarini. Nikasoma yote, neno kwa neno. Mwishoni nikaongeza kidogo, kama kawaida: "Na yule mpangaji wenu msimwache na njaa, mama. Mpeni samaki wa kupaka."

Bi Wahiba akanitazama kwa huruma, akaniongeza kipande.

Huu si uongo. Ni ufafanuzi. Samiha angenijua vizuri angeandika hivyo mwenyewe.

Halafu Bi Wahiba akasema jambo. Kwamba herufi anazijua sasa, lakini hajiamini. Anangoja daraja. Likitoka la Nne, ambalo ndilo la juu, atazisoma mwenyewe barua za mwanawe na kuzijibu kwa mkono wake. Likitoka la chini hatajidanganya, ataniachia mie. Akasema miaka yote hii mwanawe anazungumza naye kwa kinywa cha mtu mwingine.

Nikaacha kutafuna. Upande huo sikuwa nimeufikiria kabisa.

Sikuchungulia daraja lake, lakini. Mie ni mtu wa siri za kazi. (Karatasi yenye jina lake niliiacha ofisini.)

Jumatano, 5 Novemba

Nimekwenda kwa Dada Kokuberwa. Ni mpiga chapa wa ushirika wa wachongaji, ukuta mmoja na sisi. Anatoka Bukoba kama Audax. Wakikutana wanasalimiana kwa lugha yao, jambo linaloniumiza bila sababu.

Sikuomba msaada! Nilimwambia nataka kulinganisha mbinu za Masasi na mbinu za Dar. Kasema mbinu za Dar ni hivi: kabla ya kupiga chochote, pitia orodha yote, utafute jina refu kuliko yote. Hesabu herufi zake. Ongeza nafasi mbili. Hapo ndipo safu ya pili inapoanzia kwa kila mtu, awe na jina refu au fupi. Nyuma ya mashine kuna vimeno. Simamisha kimoja pale. Ukibonyeza kile kitufe cha pembeni, kigari kinachoshika karatasi kinakimbia chenyewe hadi kwenye kimeno, kinasimama.

Kumbe kile kitufe! Mwaka mzima nakipangusa vumbi tu.

Akaongeza la pili. Kwamba nihakikishe kila mtu ana mistari yake mitatu. Asiye na kitu nimwekee kistari, nisiruke, maana pengo nalo ni kitu. Hapo nilikuwa natazama bangili yake. Nikaitikia ndiyo.

Nikarudi nikaanza kuhesabu. Mshindi ni Eufrazia Nampembe Mchekenje. Mara ya kwanza nilipata ishirini na sita. Mara ya pili ishirini na nane. Na ilibidi nilinganishe na wote! Watu sitini na wanne! Mtu mwenye cheo kinachomjia hawezi kukaa anahesabu herufi za Eufrazia.

Ijumaa, 7 Novemba

Jana sikuandika, nilikuwa nafikiri. Leo nimepata.

Mkasi!

Tatizo si kupiga chapa. Tatizo ni macho: unashuka mistari mitatu, unarudi juu, unapotea. Basi nikakata. Karatasi zote tisa, mstari kwa mstari, vipande vyembamba kama tambi. Majina nikayaweka rundo lao, nyumba rundo lao, madaraja rundo lao, kila rundo kwa utaratibu wake wa juu kwenda chini. Kisha nikayabandika kwenye karatasi kubwa ya kufungia bidhaa. Majina kushoto, nyumba katikati, madaraja kulia. Safu tatu! Bila kuhesabu hata herufi moja! Sikuelewa kwa nini Serikali haijagundua jambo hili.

Gundi ni uji wa ngano. Unga nilimwomba Bi Wahiba. Akauliza wa nini. Nikasema wa kazi ya taifa. Akapima kikombe kimoja, akakifuta juu kwa kidole.

Majina, sitini na manne. Nyumba, sitini na nne. Madaraja, sitini na matatu.

Nikatafuta chini ya meza. Ndani ya viatu. Ndani ya uji. Hakuna. Safu ya madaraja ilikuwa imeisha mstari mmoja mapema. Orodha ni ya alfabeti, kwa hiyo wa mwisho kabisa ni Mzee Zahor, na pembeni mwa jina lake palikuwa patupu.

Nikawaza kama mpelelezi. Siku ya mtihani nilimwona Mzee Zahor akitoka mapema, kashika jicho. Mara moja ikanijia: hakufanya mtihani! Maskini, na mkewe kamficha. Nikachukua kalamu, nikamwandikia: Hakuhudhuria. Nimeapa kuitunza siri yake. Mpaka Jumatatu, itakapobandikwa.

Jumamosi, 8 Novemba

Ushindi! Dada Kokuberwa kaja mwenyewe asubuhi kunipangia vile vimeno. Kwa huruma au kwa mapenzi, sijui. Naandika mapenzi. Kauliza kama nimehakikisha mistari ya kila mtu. Nikamwonyesha karatasi yangu iliyobandikwa, kwa mbali kidogo. Akauliza karatasi za asili ziko wapi. Nikamwambia ndizo hizo. Akashika kiuno, akaondoka.

Nikapiga stensili bila kukosea. Safu zilinyooka! Ndugu Fakihi aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaweka rula, akasema, "Nyoofu, Ndugu Polikarpo. Nyoofu kabisa." Alirudia mara mbili mbele ya watu. Audax kaisoma juu mpaka chini akitafuta kosa la herufi. Hakuona. Akaisoma tena. Kakunja soksi yake iliyoshuka, kaenda zake.

Kisha Ndugu Fakihi akaniomba nitoe gunia kwenye baiskeli na kuijaza upepo. Hakusema zaidi. Mtu mwenye akili hahitaji kuambiwa zaidi.

Jumapili, 9 Novemba

Misa ya asubuhi. Padri kahubiri juu ya wanyenyekevu. Nilikubaliana naye yote, nikiwaza niipigie wapi kengele ya baiskeli ili nisiwashtue watu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimebandika saa mbili. Saa tatu watu walikuwa wamejaa barazani, vidole ukutani, midomo inatembea. Nilisimama pembeni mikono nyuma, nikijizoeza kusimama kisaidizi.

Wa kwanza kunifuata alikuwa Leonardi, mchongaji. Kanikumbatia. Kaniletea nazi tatu. Kapata Daraja la Nne! Alikuwa analia. Akasema ni maajabu ya Mungu, maana wiki ile ya mtihani alikuwa Kimbiji kumuuguza mama yake, wala hakuukanyaga mlango wa darasa.

Nikampongeza. Nazi nikapokea. Baada ya kama dakika moja nikaanza kuisoma upya ile orodha.

Kisha nikamwona Bi Wahiba. Hakuwa amemtuma mtu amsomee. Kasimama mwenyewe na buibui lake, kidole kinatembea kutoka chini kwenda juu. Kalipata jina. Wa. Hi. Ba. Kidole kikaenda kulia, polepole, kikavuka nyumba, kikafika kwenye daraja. La Kwanza.

Hakupiga kelele. Alikiacha kidole pale pale, kama mtu aliyegusa ukuta akakuta umelowa. Halafu kidole kikashuka mstari mmoja, kwa mumewe. Ha. Ku. Hu. Dhu. Ria.

Mzee Zahor ndiye aliyepiga kelele. Kwamba yeye hakuhudhuria! Yeye! Alikaa benchi moja na mkewe, akamaliza kabla ya wote, akatoka kwa sababu alikuwa na kitu jichoni! Akawaita mashahidi. Mashahidi wakatokea. Nyuma yao wakatokea wengine: binti aliyekuwa akiwasomea wenzie gazeti kapewa la Kwanza, na babu aliyelala mtihani mzima kapewa la Tatu. Ndugu Fakihi akatoka ofisini. Akauliza karatasi za asili ziko wapi.

Nikamwambia nitazileta.

Bi Wahiba kapita mbele yangu. Nikamwamkia shikamoo kwa mara ya pili siku hiyo. Akaitikia marahaba, akasimama, akasema taratibu, "Nimeelewa, mwanangu. Ukiniweka la Kwanza, barua utaendelea kusoma wewe. Na kula utaendelea."

Wallahi sikuwa nimekusudia! Lakini hata mie mwenyewe nikisikiliza, naona hoja ni nzuri.

Leo sikula mchana. Nazi tatu, na mbuzi ya kukunia sina.

Jumanne, 11 Novemba

Nimewaza kutorokea Masasi. Nimewaza kusema mvua iliingia ofisini. Nimewaza kusema panya. Ndugu Fakihi kaniuliza tena karatasi. Kasema akiomba nakala nyingine itachukua miezi, na sherehe ni Jumamosi. Nikamjibu nazitengeneza. Akauliza karatasi za asili zinatengenezwaje. Nikajifanya kukohoa.

Mchana Bi Wahiba kaniita. Nilifurahi! Nikadhani hasira imeisha. Nikanawa mikono kabisa.

Mkekani hapakuwa na sinia. Palikuwa na sanduku la biskuti, na ndani yake barua zote za Samiha za miaka miwili. Akatoa moja, akanipa, akaniomba nimsomee. Nikasoma. Watoto, mvua, ukoka wa uani. Nilipofika mwisho, mdomo ukaenda wenyewe, kwa mazoea. "Na mpangaji wenu, mama, mpeni samaki."

Akanyoosha mkono, akaichukua. Akaiweka karibu na macho. Alisoma kwa kukwama, anarudi nyuma, anaanza tena neno, jasho linamtoka juu ya mdomo. Ilichukua muda mrefu sana. Sijapata kukaa mahali pagumu kama pale. Akafika mwisho: "Ni-na-ku-ku-mbu-ka. Mwa-na-o, Sa-mi-ha."

Akanitazama.

"Samaki yuko wapi hapa, Polikarpo?"

Akatoa ya pili. Ya tatu. Alikwisha kuzisoma zote, jana, baada ya kutoka ukutani. Aliona la Kwanza, akaona haiwezekani, akaamua kujijaribu mwenyewe kwenye sanduku. Na kwenye sanduku hapakuwa na samaki, wala maandazi, wala ile kanzu ya zamani ya Mzee Zahor ambayo Samiha aliagiza nipewe Iddi ya mwaka jana.

Nilitazama mkeka. Nikasema nisamehe, Bi Wahiba. Nilisema kweli. Kwanza nilitaka kuongeza maelezo, nikayaacha.

Akalia kidogo. Nilidhani ni kwa sababu yangu. Kumbe hapana. Kaniambia katika barua ya Februari Samiha aliandika kwamba mtoto wa pili kampa jina la Wahiba. Nilikuwa nimemsomea hilo, nakumbuka. Lakini akasema kuliona ni kitu kingine. Jina lake limeandikwa kwa mkono wa mwanawe. Akanionyesha, kana kwamba sijapata kuliona.

Halafu akasema, sasa lete hiyo karatasi yako ya uji.

Jumatano, 12 Novemba

Karatasi imetandazwa ukumbini kwa Bi Wahiba tangu asubuhi. Yeye kapiga magoti upande mmoja, mie upande wa pili. Mzee Zahor kwenye kiti, anatoa maoni.

Mie nilipendekeza tuwaulize watu mmoja mmoja wanafikiri wamepata ngapi. Bi Wahiba akasema kila mtu atasema Nne. Akauliza swali moja tu: Leonardi alikuwa wapi? Nikasema Kimbiji. Akauliza mtu aliyekuwa Kimbiji anapewaje daraja. Nikasema maajabu ya Mungu. Akasema Mungu ana kazi nyingine.

Kidole chake kikasimama pale. Kama Leonardi hakuwepo, hakuandikiwa mstari wa daraja. Kwa hiyo lile la Nne si lake. Ni la nani? La aliye chini yake. Na la yule aliye chini ni la anayefuata. Kila mtu kutoka kwa Leonardi mpaka mwisho kavaa kanzu ya jirani.

Pengo nalo ni kitu! Mtu alinieleza hivi wiki iliyopita, na bangili yake ikilia.

Akachota maji, akalowesha ule uji, akabandua safu ya madaraja kuanzia kwa Leonardi, ndefu kama mkanda. Akaishusha mstari mmoja. Mmoja tu! Ikakaa. Msomaji wa gazeti akapata Nne yake. Aliyelala akapata la Kwanza. Leonardi patupu. Na mstari wa pili kutoka mwisho: Wahiba, Nne.

Aliifuta karatasi kwa upande wa kanga, pale kwenye jina lake, ingawa haikuwa na vumbi.

Lile la Kwanza likateremka kwa Mzee Zahor. Mzee akaeleza kwamba mtihani aliumaliza wote, tena kwa mwandiko mzuri, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa utotoni kwenye chuo cha Kurani. Kila jibu sahihi. "Wao ndio hawakujua kusoma," akasema. Kisha akaniomba pembeni, kwa sauti ndogo, kama inawezekana yeye libaki lile la Hakuhudhuria. Lina heshima zaidi.

Alhamisi, 13 Novemba

Nilikuwa nimetunga maelezo mazuri juu ya unyevunyevu. Sikupata nafasi. Bi Wahiba kaongozana nami mpaka ofisini, kakaa kiti cha mbele, kamweleza Ndugu Fakihi yote: mkasi, uji, Leonardi, mstari mmoja. Hakuficha na hakuongeza. Mwishoni akasema mwanangu huyu kakosea mstari mmoja tu, na mistari mingine mia moja tisini iko sawa. Hesabu yake sina hakika nayo, lakini niliipenda.

Barua hakuzitaja. Nilingoja azitaje. Hakuzitaja.

Ndugu Fakihi akaulizia stensili nyingine. Hakuna. Akasema basi nakala arobaini zirekebishwe kwa mkono, na mkono wenyewe uwe wa wenye majina.

Baiskeli kapewa Audax. Alipita nayo mbele ya dirisha langu alasiri, mara nne. Barabara ya kwao haipiti hapo.

Leonardi nimemwendea mwenyewe. Ilikuwa ngumu kuliko ofisini. Alikuwa anapiga msasa kinyago, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha. Akasema alijua. Mtu hujua. Ila alitaka mama yake asikie angalau siku tatu. Nikamrudishia nazi. Akanirudishia mbili.

Jumamosi, 15 Novemba

Sherehe. Meza ndefu barazani, nakala arobaini, kalamu sita. Kuanzia saa tatu watu walipanga foleni, kila mtu akakata daraja lisilo lake na kuandika la kwake. Wengine hawakuwahi kuandika mbele ya macho ya watu. Binti wa gazeti aliandika Nne mara arobaini akakataa kumpa mwenzie kalamu. Safu yangu nyoofu ikawa msitu wa mikato na mikwaruzo, inapanda, inashuka, wino wa bluu juu ya mweusi. Nilitaka kufumba macho. Ndugu Fakihi akasema hajaona orodha nzuri kama hii tangu aanze kazi. Zile safu zangu zilizonyooka aliziita nyoofu tu.

Mzee Zahor aliandika la Kwanza kwa herufi za Kirumi, polepole, na pembeni akaongeza sahihi yake kwa Kiarabu, ndefu, ya mapambo, iliyovamia mistari mitatu. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Bi Wahiba ndiye aliyesoma majina wakati wa kutoa vyeti. Wote sitini na watatu waliofanya mtihani. Alikwama kwa Eufrazia Nampembe Mchekenje, akarudi, akalivuka, watu wakapiga vigelegele. Audax alipiga makofi kuliko wote. Ni mwalimu wake, nakubali. Leo sikumchukia kuanzia saa nne mpaka saa sita.

Mchana Bi Wahiba kaniita kula. Samaki wa kupaka. Akaniwekea kipande cha kichwani, akasema nile, na kwamba hiki hakuna aliyekiagiza kutoka Tanga.

Pembeni ya sinia kulikuwa na barua yake ya kwanza kwa Samiha, ameshaiandika. Kaniomba nitazame herufi tu. Ina mistari mitano. Wa nne unasema: "Mpangaji mzima, muongo kidogo, tunampenda." Neno tunampenda alikosea, kaweka herufi moja mara mbili. Sikumrekebisha.

Jumatatu, 17 Novemba

Kikao cha asubuhi. Audax, kama Msaidizi, kaja na mpango mpya: darasa la kupiga chapa, kila Jumamosi, kwa wale waliopata la Nne. Mashine ipo. Anatafutwa wa kufundisha. Dada Kokuberwa kasema kazi za ushirika zimemzidi, atakuja akipata nafasi.

Ndugu Fakihi akatazama kulia, akatazama kushoto. Mie hakunitazama.

Mkono wangu ukapanda. Naapa, ulipanda wenyewe! Audax akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba mtu aliyekosea ndiye anayezijua njia zote. Ilisikika vizuri sana. Ndugu Fakihi kaandika jina langu, akakaa nalo kidogo, akaliacha.

Wamejiandikisha kumi na mmoja. Mchana Dada Kokuberwa kanipa ushauri ukutani: nianze pole pole, siku ya kwanza wajifunze tu kupima kabla ya kupiga. Nimemshukuru. Lakini watu wazima hawana muda huo. Nina njia fupi zaidi.

Nimekaa sasa naandaa somo. Njia yenyewe sijaipata bado. Ila kichwa cha somo nimeshakipiga, kwa herufi kubwa, MBINU ZA POLIKARPO, na kimekaa katikati kabisa ya ukurasa. Nimekikadiria kwa jicho tu.

Nikikitazama vizuri, kimeegemea kushoto. Nitainamisha karatasi.